Muulize Fundi: Seva inakula RAM mpaka inauawa, na Valgrind inasema kila kitu safi

Barua za thredi (vijinjia vya kazi vinavyoenda sambamba ndani ya programu moja) na memori zimejaa mno safari hii, kwa hiyo wa printa na wa simu zilizodondoka majini mtanisamehe, zamu yenu inakuja. Nimechukua nne, mbili za Kigoma mjini, moja ya Tabora na moja ya Kasulu.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nipo Kigoma mjini, nimeandika programu ya C++ ya kukatia tiketi na kusajili mizigo ya maboti yanayotoka Kibirizi kwenda Kagunga na vijiji vya njiani. Mawakala wanatumia simu, simu inafungua koneksheni kwenye seva na kila koneksheni naipa thredi yake. Seva ni ya kukodi, RAM giga 2. Asubuhi ikiwashwa inakula kama MB 150 hivi, jioni ishapita giga moja, kuna siku usiku inauawa kabisa, nikiangalia dmesg (kumbukumbu za Linux yenyewe) nakuta imeandikwa Out of memory: Killed process. Nimeipitisha kwenye Valgrind (kifaa cha kutafuta memori inayovuja) kwa laptopu yangu, inasema hakuna hata baiti moja iliyopotea. Nimepitia kodi yote, kila new (ya kuomba memori) ina delete yake (ya kuirudisha). Bosi anataka niweke kron (amri inayojiendesha yenyewe kwa saa iliyopangwa) ya kuizima na kuiwasha saa nane usiku yaishe. Nifanyeje? (Kijana wa Kibirizi)

FUNDI: Salama mdogo wangu. Hiyo kron iweke tu, usibishane na bosi, abiria wanataka tiketi alfajiri na wewe unahitaji kulala wakati unatafuta ugonjwa. Ila kabla haijazimwa leo usiku kusanya ushahidi kwanza, manake ukishaizima ushahidi wote unaondoka nayo na kesho unaanza upya kubahatisha.

Hiyo "kila new ina delete yake" ndo inawapoteza watu. Kwenye programu ya thredi moja kweli unaweza kusoma toka juu mpaka chini ukajiridhisha. Kwenye thredi nyingi delete inaweza kuwepo pale pale umeiandika vizuri kabisa na isifikiwe milele, sababu thredi iliyotakiwa kuifikia imelala mahali inasubiri kitu ambacho hakiji. Na lingine, hivi vifaa vyote vya kutafuta memori inayovuja vinakuonyesha nani aliomba memori, havikuonyeshi nani alitakiwa kuirudisha. Ni kama mzigo uliopotea, risiti inakwambia nani alipakia Kibirizi wakati kesi ipo kwa yule aliyetakiwa kuupokea Kagunga na hakutokea. Kwa hiyo siku ripoti ikikutajia mstari wa 214 wa thredi ya kupokea, usikimbilie kuuchezea huo mstari wa 214, jiulize kwanza hicho kitu baada ya kuumbwa kilikabidhiwa thredi gani.

Sasa ushahidi. Tafuta namba ya prosesi yako halafu kila dakika tano andika kwenye faili majibu ya grep -E 'VmSize|VmRSS|Threads' /proc/NAMBA/status, ukibandika na saa pembeni. Acha iende toka asubuhi mpaka usiku. Mistari mitatu tu lakini lazima uisome kwa pamoja, hapo ndo utamu wote ulipo. VmRSS ni RAM halisi iliyoshikwa, VmSize ni anwani ilizojitengea hata kama hazijaguswa, Threads ni idadi ya thredi zilizo hai saa hiyo.

Ukiona Threads inapanda na RSS inapanda nayo na hazishuki hata saa ambayo hakuna boti, basi una thredi ambazo hazifi. Ukiona Threads imetulia ila VmSize inapanda kwa hatua za kama MB 8, hizo ni thredi zilizomaliza kazi ila hakuna aliyezipigia join (kuzisubiri na kuzifunga rasmi), na MB 8 ni ukubwa wa kawaida wa staki ya thredi (eneo lake la kazi kwenye memori) kwenye Linux kama hujagusa ulimit -s. Watu wa std::thread wanasema haiwezekani, mbona ukisahau join programu inajiua yenyewe kwa std::terminate? Ni kweli, ila ile ni pale objekti ya thredi inapokufa. Wewe kama unazisukuma zote kwenye std::vector<std::thread> ili uje kuzipigia join siku ya kuzima seva (na nakuhakikishia nusu ya mafunzo ya mtandaoni yanafundisha hivyo hivyo) basi haifi, inakaa tu humo na staki yake, na RSS hapo itapanda kidogo kidogo tu wakati VmSize inakimbia.

Kuna hali ya tatu ambayo wala sio kuvuja. VmSize inaruka kwa MB 64, MB 64, RSS inapanda masaa ya kwanza halafu inakuja kulala. Hiyo ni malloc yenyewe, kigawa memori cha glibc (maktaba ya msingi ya C kwenye Linux). Ili thredi zisigombanie kufuli moja inazigawia arena (mafungu ya memori) tofauti, na kwenye mashine za biti 64 inaruhusu mpaka arena 8 kwa kila koa ya prosesa, kwa hiyo koa 4 ni arena 32. Thredi ikiachia memori hairudi kwa Linux moja kwa moja, mara nyingi inabaki kwenye arena ile ile. Kupima ni rahisi, washa programu na MALLOC_ARENA_MAX=2 mbele yake uangalie grafu. Ikilala chini sana kuliko mwanzo basi sio bagi yako, ni tabia ya malloc, na unaweza kuiacha hivyo hivyo kama programu haijawa nzito kwa kugombania kufuli. Kuna watu wanatafuta bagi wiki nzima kumbe ni hiki tu, kwa hiyo mi siku zote nakipima mapema.

Ila kwa maelezo yako dau langu lipo kwenye ya kwanza. Fikiria wakala yupo ndani ya boti, kafungua koneksheni Kibirizi, boti inaondoka, mbele huko mtandao unakata, au saa ingine simu inarukia mtandao wa Burundi ikapewa anwani nyingine ya IP. Koneksheni ya zamani imekufa lakini hakuna aliyeiaga seva. Ule ujumbe wa TCP wa kufunga haukutumwa, simu ilipotea tu. Thredi yako huku ipo ndani ya recv (fankisheni ya kupokea data) inasubiri, na recv isiyo na taimauti inasubiri milele, sio kwa kutia chumvi. Watu wanasema si kuna keepalive, ile ya kupima kama upande wa pili bado upo? Ipo, lakini kwenye Linux haiwaki mpaka wewe uiombe kwa SO_KEEPALIVE, na hata ukiiomba bila kubadili kitu inakaa kimya sekunde 7200 ndo inaanza kubisha hodi, inabisha mara 9 kila baada ya sekunde 75, jumla zaidi ya masaa mawili na dakika kumi. Wakala ndo huyo huyo, mtandao ukirudi anafungua koneksheni mpya, anapewa thredi mpya na sesheni mpya, ile ya kwanza ipo tu. Na kama kila sesheni umeipa bafa ya mega moja kwa std::vector<char>, vector inajazwa sifuri yote toka mwanzo, kwa hiyo mega nzima inahesabika kwenye RSS hata kama wakala alituma herufi kumi. Koneksheni mfu 800 hapo ni MB 800 zimekwenda. Umeona giga yako ilipo?

Usiniamini kwa maneno, hakikisha. Saa ambayo hakuna abiria, chungulia kila thredi imesimama wapi, piga gdb -p NAMBA -batch -ex "thread apply all bt" na majibu yapeleke kwenye faili. Angalizo, gdb ikishika prosesi inaisimamisha mpaka imalize kuprinti, ndo maana nasema saa ya abiria hakuna. Fungua faili, hesabu. Kama unakuta thredi mia kadhaa zote zimesimama kwenye recv, chini yake ile fankisheni yako ya kusoma ujumbe, kesi imeisha hapo hapo. Ukizikuta zimesimama kwenye pthread_mutex_lock au __lll_lock_wait basi kuna thredi moja imeshika kufuli haitaki kuachia, huo ni ugonjwa mwingine ila dalili zake kwenye RAM zinafanana kabisa.

Dawa ni mbili na uzitumie zote. Weka SO_RCVTIMEO kwa setsockopt, sekunde 60 au ngapi unaona inafaa, recv ikichoka inarudisha -1 na errno EAGAIN, hapo funga soketi kisha utoke kwenye fankisheni. Halafu hizo new na delete za mkono achana nazo, weka std::unique_ptr inayofuta yenyewe, sababu sasa umeongeza njia mpya ya kutokea kwenye fankisheni na nina uhakika ile delete ipo chini kabisa ambako njia hii mpya haifiki. Yaani ungeweza kutibu thredi zisizokufa ukajitengenezea memori inayovuja kweli kweli. Baadaye ukipata nafasi achana pia na thredi moja kwa kila koneksheni, weka puli ya thredi chache (kundi dogo linalopokezana kazi), ila hiyo isikucheleweshe sasa hivi.

Sasa mbona Valgrind ilisema safi? Kwanza kwa laptopu yako kwenye waifai ya chumbani hakuna simu inayopotea, kwa hiyo ile njia mbovu haikupitiwa kabisa, na kifaa hakiwezi kuripoti kisichotokea. Pili Valgrind inaendesha thredi moja moja kwa zamu hata kama mashine ina koa nane, na Memcheck, sehemu yake ya kukagua memori, inaifanya programu iende taratibu mara 20 hadi 30, kwa hiyo mambo yote ya kupishana kwa muda yanabadilika. Tatu, uliizima kistaarabu, destrakta zikapita zikafagia kila kitu, na yeye anapiga hesabu mwishoni. Memori iliyojaa mchana kutwa ikaja kuachiwa kwenye sekunde ya mwisho kwake haijapotea.

Ukitaka kurudia, mara hii tumia LeakSanitizer, kifaa kingine cha memori inayovuja, kompaili na -fsanitize=address -g -fno-omit-frame-pointer, thredi zinaenda sambamba kweli na mwendo unapungua kama mara mbili tu. Ripoti inatoka programu ikiisha vizuri, kwa hiyo ukiiua kwa kill -9 hupati kitu, tengeneza kwanza SIGTERM iifanye main irudi. Katikati ya kazi unaweza pia kuita __lsan_do_recoverable_leak_check(). Na huo mtandao uukate makusudi! Simu iwe imeunganishwa, iweke kwenye hali ya ndege, rudia mara nyingi, hiyo ndo testi ya Kibirizi. Ila ujue LeakSanitizer nayo hairipoti kitu ambacho bado kina pointa inayokishika, kwa mfano map ya sesheni isiyofutwa, hiyo kwake ni mali halali. Kwa vitu vya namna hiyo tumia heaptrack, inaweza hata kujishikiza kwenye prosesi inayoendelea, ukachora nani anashika nyingi kadri muda unavyokwenda.

SWALI: Fundi mwangaluka. Nipo Tabora, tuna programu ya Java inayowatumia wafugaji nyuki meseji za bei na malipo ya asali. Tumeweka newFixedThreadPool ya thredi 10. Siku za kawaida poa, siku ya malipo tukituma kwa wote inaanguka na OutOfMemoryError: Java heap space. Si tuliambiwa Java inazoa taka yenyewe? Nina faili la hipu dampu la giga 1.5, nikutumie kwa WhatsApp uliangalie? (Wa Isevya)

FUNDI: Mwangaluka mkuu. Kwanza USINITUMIE hilo faili, wala usimtumie mtu yeyote. Hipu dampu ni picha ya kila kitu kilichokuwemo kwenye hipu (memori ya programu) dakika ile, majina ya wafugaji, namba zao za simu, nani kalipwa shilingi ngapi, na mara nyingi hata neno la siri la databezi limo humo linasomeka wazi. Nashangaa watu wanavyoyatupa kwenye magrupu.

Java inazoa kisichoshikwa na mtu, na hapo kwako kila kitu kimeshikwa. Ile newFixedThreadPool(10) inabana thredi ziwe 10, foleni haibani. Ndani yake imetumia LinkedBlockingQueue isiyopewa kikomo, ambayo mwisho wake ni Integer.MAX_VALUE, yaani 2,147,483,647. Piga hesabu, kama kampuni ya meseji siku hiyo inajibu kwa sekunde mbili kwa kila meseji, thredi 10 zinamaliza tano kwa sekunde, ukisukuma meseji 20,000 kwa mpigo foleni inakaa zaidi ya saa nzima ikiwa na mzigo. Hilo peke yake lisingeiangusha programu, meseji ni kitu kidogo. Nahisi kila kazi haikubeba namba ya simu na maneno tu, imembeba mfugaji mzima na historia yake yote ya mauzo kama ilivyotoka kwenye databezi, mara elfu ishirini.

Fungua dampu mwenyewe na Eclipse MAT (programu ya kusoma hipu dampu), nenda Dominator Tree, panga kwa Retained Heap. Nikikosea nitashangaa, juu kabisa utakuta LinkedBlockingQueue au ThreadPoolExecutor, ifungue uone ndani ya kila nodi kuna nini. Dawa, tengeneza ThreadPoolExecutor kwa mkono, mpe ArrayBlockingQueue ya 500 na CallerRunsPolicy, hapo foleni ikijaa yule anayesukuma kazi anaambiwa afanye mwenyewe na kwa hiyo anapunguza kasi bila kupenda. Na ndani ya kazi beba namba na ujumbe, basi.

Kama kuna ThreadLocal (kigeu ambacho kila thredi ina nakala yake) popote kwenye hiyo kodi, ipigie remove() kwenye finally. Thredi za puli hazifi, kwa hiyo ulichokiweka humo hakifi nacho.

SWALI: Mwanangu fundi, mimi sio mtu wa kompyuta, nina duka la jumla Mwanga hapa Kigoma. Kijana anayenitunzia programu ya stoo kila baada ya muda anasema RAM ya seva imejaa tuongeze. Tulishaongeza. Sasa anataka tena. Nimpe hela au ananizungusha? (Mama Mwanga)

FUNDI: Shikamoo mama. Sidhani kama anakuzungusha, inawezekana na yeye hajui. Usimpe bado. Mwambie akuletee grafu ya wiki moja ya RAM inayoliwa na programu yako peke yake, asizime wala kuwasha katikati. Kama mstari unapanda halafu unalala sawa, hata ukilala juu, basi kweli duka limekua na programu inahitaji hiyo nafasi, mlipie. Kama unapanda tu mchana na usiku, mpaka Jumapili mkiwa mmefunga, RAM mpya itajaa kama ile ya kwanza ilivyojaa, tofauti itakuwa siku tu. Hapo hela hiyo hiyo mlipe ya kukaa chini atafute inapovujia. Na mama, mwambie neno hili moja, "idadi ya thredi", muulize asubuhi zilikuwa ngapi na jioni ngapi. Akikujibu bila kwenda kuangalia, mrudishe akaangalie.

SWALI: Fundi, mi mwanafunzi, Kasulu. Programu yangu ya C ina pthread, Valgrind kila siku inasema 272 bytes in 1 blocks are possibly lost (huenda zimepotea), kwenye pthread_create. Nimefuta malloc zote, bado ipo! Mwalimu anataka sifuri.

FUNDI: Ulizofuta zirudishe, hazihusiki. Hizo baiti 272 (kwenye toleo lingine la glibc zinaweza kuwa namba nyingine, hata 288 au 320) sio zako, ni sehemu ambayo glibc inaitengea kila thredi kwa ajili ya vigeu vyake vya ndani, na inaachiwa thredi ikishamaliza na kukusanywa. Kwako main inarudi wakati thredi bado inakimbia au imemaliza na hakuna aliyeipokea. Weka pthread_join kwa kila thredi uliyoianzisha kabla main haijarudi, kama ni tano basi join tano, sio moja ya mwisho tu. Na pthread_detach usiikimbilie kama njia ya mkato kwenye zoezi hili, main inaweza kuisha kabla ya thredi na ukaikuta ripoti ile ile.